Tatu Amekwenda Wapi?

Asubuhi kijijini kwao ilikuja polepole. Kwanza ulionekana moshi wa jiko la Mama, kisha vichwa vya minazi, halafu ukungu uliolala juu ya mikoko ukaanza kuinuka, kidogo kidogo, kama mtu anayeamka bila haraka. Kijiji hicho kilikuwa kati ya Kilambo na bahari, mahali ambapo mto Ruvuma hupanuka, hupunguza mwendo na kuanza kuonja chumvi.

Shamimu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita. Kila siku kabla ya shule alifagia uwanja, akachota maji, akamsaidia Mama kugeuza vitumbua. Hizo zilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kumwandaa mdogo wake, Idrisa, aliyekuwa darasa la kwanza.

Idrisa hakuwa mvivu wala mkaidi. Alikuwa mtoto wa kutazama. Alivaa kiatu cha kwanza, kisha akasahau cha pili kwa sababu sisimizi walikuwa wanavuka kizingiti.

"Idrisa, kiatu," alisema Shamimu.

"Ngoja wapite, dada. Yule wa nyuma amebeba mzigo mkubwa kuliko yeye."

Shamimu alimvalisha kiatu mwenyewe, akamshika mkono, wakaondoka. Njia ya shule ilipita katikati ya mikorosho. Ulikuwa msimu wa kuokota korosho, na mabibo mekundu na ya manjano yalikuwa yametapakaa chini, yakitoa harufu tamu iliyowafuata hadi kwenye nguo. Idrisa alitembea akiwa ameinua uso, akitazama mwanga uliokuwa unachungulia kwenye majani.

"Dada," alisema, "nane ana matumbo mawili. Moja juu, moja chini. Nani anamlisha?"

"Nane gani?"

"Nane ya kuandika."

"Nane ni namba tu, Idrisa. Tembea, kengele italia."

Idrisa alitembea, lakini uso wake ulionyesha kwamba bado alikuwa na nane.

Mwalimu wa darasa la kwanza aliitwa Rozalia. Alikuwa mgeni kutoka Bukoba, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watoto wanyamaze ili wamsikie. Tangu shule ilipofunguliwa baada ya likizo, alikuwa akiwafundisha kujumlisha, na kila mchana aliwapa maswali ya kufanyia nyumbani.

Mchana ndio ulikuwa wakati wa shida. Mama na Baba walikuwa shambani wakiokota korosho, na Shamimu ndiye aliyepaswa kumsimamia Idrisa. Mtoto aliketi kwenye mkeka, akaweka penseli mdomoni, akatazama maswali kama mtu anayetazama watu asiowajua. Wakati huohuo, kutoka uwanjani, sauti ya Fatuma ilisikika ikiita, "Shamimu, tumeshagawana timu." Fatuma alikuwa rafiki yake wa darasani, na wote wawili walipenda mpira wa pete kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya kwanza Shamimu alisubiri. Siku ya pili alisubiri kidogo tu. Baada ya hapo hakusubiri tena.

"Hapa andika saba," alisema akiwa amesimama. "Hapa tano. Hapo tisa."

"Kwa nini saba?"

"Kaa kimya, andika tu."

Idrisa aliandika. Namba zake zilikuwa nzuri, za mviringo, kwa maana alizichora kwa upendo. Daftari likarudi nyumbani limejaa vema za wino mwekundu. Mama alilifungua usiku kwenye mwanga wa taa ya sola, akatabasamu, akamwambia Baba, "Tazama mwanao." Baba, mikono ikiwa bado ina weusi wa utomvu wa korosho, aliangalia bila kuligusa asilichafue. Shamimu alikuwa karibu, akijifanya anakunja nguo.

Basi Mwalimu Rozalia akamhamishia Idrisa kwenye dawati la mbele, pamoja na watoto waliokwisha kuelewa. Siku moja akamwomba amsaidie mwenzake, Omari, aliyekuwa amekwama kwenye mbili jumlisha nne. Idrisa akaketi karibu na Omari, akainama juu ya daftari lake, akasema kwa upole kabisa:

"Kaa kimya, andika tisa."

Mwalimu Rozalia alisikia. Jioni ile alionekana akija kwa miguu, akipita kwenye mikorosho, viatu mkononi kwa sababu ya mchanga.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwalimu," alisema Mama, akaharakisha kutandika mkeka safi. "Shikamoo, Mwalimu," alisema Shamimu, na Idrisa akairudia nyuma yake. Baba alikuwa bado shambani.

"Marahaba, wanangu." Mwalimu aliketi, akapokea kikombe cha chai, akasifu upepo. Kisha akasema, "Mama Shamimu, nimekuja kumtembelea mwalimu mwenzangu."

Mama alitazama huku na huku. "Mwalimu yupi tena?"

"Huyu hapa, Shamimu. Daftari la Idrisa limejaa vema, nami natamani kuona anavyomfundisha. Haya, mwanangu, mfundishe tatu jumlisha nne. Mimi nitatazama tu."

Shamimu aliokota kijiti, akaandika ardhini tatu, alama ya kujumlisha, na nne. Idrisa alikuja kuchuchumaa mbele yake. Hakuzitazama namba hata kidogo. Aliitazama midomo ya dada yake, akisubiri jibu litoke.

Kuku alipita juu ya nne, akaiharibu.

"Sijamfundisha, Mwalimu," alisema Shamimu hatimaye, macho yakiwa chini. "Nilikuwa namtajia majibu."

Mama aliteremsha kikombe chake. "Siku zote hizi?"

"Ndiyo, Mama. Nilitaka kuwahi mpira."

Shamimu angependa agombezwe, kwa sababu ule uso wa Mama, uliokuwa ukifurahia daftari kila usiku, ulikuwa unabadilika mbele yake polepole, naye hakuweza kuuzuia.

Ni Idrisa aliyesema. "Mwalimu, hata dada akiniambia saba, mimi sijui tatu amekwenda wapi."

"Umesemaje, Idrisa?"

"Tatu alikuwepo. Nne naye alikuwepo. Halafu amekuja saba, amekaa peke yake. Wao wamekwenda wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Rozalia alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kana kwamba alikuwa hajawahi kumwona vizuri.

"Hilo ni swali zuri," alisema. "Wala usiliache." Kisha akamgeukia Shamimu. "Darasani nina watoto wengi, nami nitafanya sehemu yangu. Lakini kabla ya shule kufungwa nitawapima wote. Asiyeweza kujumlisha, itabidi tukae na wazazi wake tuone kama arudie darasa la kwanza. Idrisa amepoteza muda. Nyumbani nakuhitaji wewe. Swali lake litafutie jibu."

"Nitajitahidi, Mwalimu," alisema Shamimu, na alimaanisha.

Kesho yake hakwenda uwanjani. Alimketisha Idrisa kwenye mkeka, akaanza. "Tatu jumlisha nne ni saba. Sema."

"Tatu jumlisha nne ni saba."

"Tena."

Walisema hadi vivuli vya minazi vikawa virefu. Idrisa alisema vizuri, kama wimbo. Shamimu akafurahi, akauliza, "Haya, nne jumlisha tatu?"

Idrisa aliitazama midomo ya dada yake. Huo ulikuwa wimbo mwingine, hajawahi kuusikia.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyohivyo. Alikariri hili, akasahau lile. Siku ya Ijumaa, wakati Fatuma na wenzake walikuwa wakipiga kelele za furaha uwanjani, Shamimu aliuliza swali lilelile mpaka akashindwa kujizuia.

"Huna akili?" alifoka. "Huna akili kabisa, Idrisa?"

Idrisa hakulia. Aliiweka penseli chini taratibu, kama anayerudisha kitu cha mtu. Jioni yote hakuuliza swali lolote, si kuhusu nyota, si kuhusu mjusi aliyekuwa ukutani. Mama alimgusa paji la uso, akidhani ana homa.

Jumamosi Mama na Baba waliondoka mapema kwenda shambani. Shamimu alifua, akaanika, akaita, "Idrisa, njoo ule." Hakuna aliyejibu. Hakuwa ndani. Hakuwa nyuma ya banda la kuku. Shamimu alizunguka nyumba, akaona alama za nyayo ndogo mchangani, zikielekea kwenye mikoko.

Alikimbia. Mikokoni palikuwa na baridi na kimya, matope yakinong'ona kwa vijishimo vya kaa. Mwisho wa mikoko alisimama. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali, na mbele yake ulitandaa uwanja mkubwa wa mchanga uliong'aa, kiasi kwamba mbingu ilionekana iko juu na chini pia. Katikati ya mbingu hizo mbili kulikuwa na kitu kidogo cheusi kimechuchumaa.

Alikwenda akiwa amejaza maneno makali kinywani. Lakini alipokaribia, alimsikia Idrisa akizungumza, sauti ya chini, ya furaha, sauti ambayo nyumbani haikusikika tangu jana. Maneno yale makali yakamwishia. Akachuchumaa kando yake.

Mbele ya Idrisa kulikuwa na makombe madogo meupe ya baharini, yamepangwa ndani ya duara lililochorwa kwa kidole.

"Hii ni nini?" aliuliza Shamimu.

Idrisa alimwangalia kwanza kuona kama ana hasira. "Nyumba," alisema. "Hawa watatu ni wenyeji. Hawa wanne wanatoka Kilambo, wamekuja kuwatembelea." Alisogeza makombe manne, moja moja, yakapita kwenye mlango wa duara.

Shamimu aliuliza kwa uangalifu, asije akavunja kitu. "Sasa ndani wako wangapi?"

Idrisa aliyagusa yote kwa ncha ya kidole. "Saba."

Upepo ulipita juu ya mchanga.

"Na wale watatu," alisema Shamimu, "wamekwenda wapi?"

Idrisa alimshangaa, kama mtu aliyeulizwa pua yake iko wapi. "Hawajaenda popote. Si hawa hapa? Wamekaa na wageni wao." Alitazama makombe, akamtazama dada yake, na macho yake yakapanuka polepole. "Dada. Saba ni wao. Saba ni jina lao wakiwa wote."

"Ndiyo," alisema Shamimu. "Ndivyo hivyo."

Aliketi kabisa kwenye mchanga wenye maji, nguo ikalowa, hakujali. Siku zote zile alikuwa akimpa mdogo wake majina, saba, tano, tisa, bila kumwonyesha hata mara moja wenye majina hayo.

"Idrisa, jana nilikwambia huna akili. Nilikosea. Unisamehe."

"Ulisema kwa sauti kubwa," alisema Idrisa. "Hadi kuku walikimbia."

"Najua."

"Basi usiseme tena." Na kwake yakawa yamekwisha. Akaanza kuchora nyumba nyingine.

Shamimu alipoinua kichwa, aliona mng'ao umebadilika. Mkondo mwembamba waliouruka wakati wa kuja ulikuwa umekuwa mpana, na maji yalikuwa yanaingia kimyakimya, yakiramba kingo za mchanga. Alifunga makombe kwenye ncha ya kanga, akamwinamia Idrisa. "Panda mgongoni. Sasa hivi."

Maji yalifika magotini, kisha mapajani. Matope yalimvuta miguu, ndala moja ikabaki humo. Idrisa alimshika shingo kwa nguvu na kuweka shavu lake mgongoni kwake, naye Shamimu aliisikia pumzi yake, ya haraka, kama ya ndege mdogo. Alitazama mkoko wa kwanza tu, akaufuata, mpaka vidole vyake vilipogusa mizizi migumu, na hapo ndipo alipomshusha Idrisa.

Mama aliwakuta wameketi mlangoni, wamelowa. Alisikiliza habari yote huku akimkausha Idrisa kichwa. Kisha akasema, "Maji yakianza kurudi, nanyi mnarudi. Na wewe, Idrisa, huendi huko bila mkubwa. Sitaki kulisema tena." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini aliendelea kumkausha kichwa hata kilipokuwa kimekauka.

Usiku ule Shamimu alimweleza Mama jambo aliloliona kule mchangani, la wenyeji na wageni. Mama alifikiri. "Basi tusimpe namba tupu," alisema. "Nyumba hii ina vitu vingi."

Asubuhi iliyofuata Idrisa aliamshwa mapema, akawekwa karibu na jiko. Chuma cha vitumbua cha Mama kilikuwa na mashimo saba. Mama alimimina uji wa mchele kwenye mashimo manne, akampa Idrisa upawa.

"Malizia yaliyobaki."

Idrisa alimimina kwa ulimi uliotoka nje, moja, mbili, tatu. Mafuta yaliimba. Harufu ya iliki ikapanda.

"Mama amemimina ngapi?" aliuliza Shamimu.

"Nne."

"Wewe?"

"Tatu. Vyote saba." Kisha akatulia, upawa hewani. "Dada, kule mchangani walikuwa watatu halafu wanne. Leo ni wanne halafu watatu. Lakini ni saba walewale!"

"Aliyetangulia si kitu?" aliuliza Mama.

"Si kitu," alisema Idrisa kwa uhakika wa mtu mzima, akaomba kitumbua cha kwanza.

Tangu siku hiyo kujumlisha kuliacha kuwa kazi ya mkekani. Shambani, Idrisa alikusanya korosho zake na Baba za kwake, wakazimwaga pamoja kwenye kikapu na kutaja jumla kabla ya kuhesabu, ili waone nani amekaribia. Baba alikosea makusudi mara nyingine, na Idrisa alimsahihisha kwa huruma. Uwanjani, Fatuma alichoka kumngoja Shamimu, akaja mwenyewe nyumbani. Aliposikia habari, akachimba kishimo, akajaza kokoto.

"Mtoto huyu hajui mdako?" alisema. "Njoo, Idrisa. Unarusha hii juu, kabla haijatua unazitoa nyingine kwa vidole. Umetoa mbili. Rusha tena. Umetoa tatu. Nje ziko ngapi?"

"Tano."

"Ukikosea jibu, zote zinarudi shimoni."

Idrisa alikosa kudaka mara nyingi kuliko alivyokosa kujumlisha. Walicheza mpaka mbuzi waliporudishwa zizini.

Lakini Shamimu alijua kuwa siku ya kupimwa hakutakuwa na kokoto wala vitumbua. Kutakuwa na ubao tu. Akafikiri sana, akachukua kifuu cha nazi.

"Tazama. Korosho tatu zinaingia chini ya kifuu." Aliziingiza. "Sasa zinaingia mbili nyingine. Huruhusiwi kufunua. Ndani kuna ngapi?"

Idrisa alikitazama kifuu. "Sizioni."

"Ziwaze."

"Sita?"

Walifunua. Zilikuwa tano. Wakarudia kwa namba nyingine, akakosea. Wakarudia, akakosea tena, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Shamimu akaingiza nne, kisha mbili. Alilijua jibu. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wake, jepesi, tayari kutoka. Ingekuwa rahisi kulinong'ona, wakafunua, wakacheka, wakaenda kula. Alikaza meno. Alitazama pembeni, akamwacha mdogo wake apambane.

Idrisa alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, uso wake ukiwa mtulivu kama wa mtu aliyelala. Upepo wa bahari ulipitapita kwenye makuti ya paa.

"Nawaona," alisema taratibu, macho bado yamefumbwa. "Wako gizani. Wanne wamekaa huku. Hawa wawili wameingia sasa hivi, wamekaa karibu na mlango." Kidole chake kiligonga hewa. "Sita."

Shamimu alifunua kifuu. Zilikuwa sita.

Siku ya kupimwa, Mwalimu Rozalia aliwaita watoto mezani kwake mmoja mmoja. Darasa la sita walikuwa nje wakimwagilia miche, na Shamimu alijikuta akimwagilia mche uleule ulio chini ya dirisha la darasa la kwanza hadi ukaelea.

"Idrisa," alisikia, "sita jumlisha tatu."

Shamimu alichungulia. Idrisa alikuwa amesimama mbele ya ubao, amefumba macho. Watoto wawili watatu walianza kucheka, Mwalimu akawanyamazisha kwa mkono. Shamimu aliweka ndoo chini. Tisa, tisa, tisa, ilipiga kichwani mwake, na hakukuwa na njia ya kuipeleka kule, wala hakutaka iwepo.

"Tisa," alisema Idrisa.

"Umejuaje?"

"Sita walikuwa nyumbani. Watatu wakapiga hodi."

Mwalimu alitabasamu, akaandika swali jingine. Idrisa hakupata yote. Kwenye nane jumlisha tano alipotea, akasema kumi na mbili, akatikisa kichwa mwenyewe, akaomba arudie, na safari hii akafika. Yalikuwepo mawili ambayo hakuyaweza kabisa. Lakini yote aliyoyapata yalikuwa ya kwake.

Siku ya kufunga shule Mama alikuja amevaa kanga mpya. Mwalimu Rozalia aliwakaribisha barazani, akampa Idrisa ripoti yake aishike mwenyewe. "Mwakani yuko darasa la pili," alisema.

Mama alishukuru, akashukuru tena, akasimulia yote yaliyopita nyumbani, hata siku ile Shamimu alipofoka. Kisha Mwalimu akamgeukia Shamimu.

"Daftari lile la kwanza lilikuwa na vema nyingi kuliko hili la sasa. Nikadhani namsogeza mbele Idrisa, kumbe nilikuwa nakusogeza wewe. Unakumbuka ulivyokuwa ukiwahi kumaliza?"

"Nakumbuka, Mwalimu."

"Ulidhani unamsaidia. Wengi hudhani hivyo, hata sisi wakubwa. Lakini kumfanyia mtu kazi yake ya kufikiri si msaada, ni kumnyima. Na kumfokea pia si kumfundisha, maana mtoto mwenye hofu hufikiri hofu tu. Ulichofanya baadaye ndicho msaada wenyewe: ulisema ukweli, ukamtafutia vitu vya kushika, ukakaa naye mpaka akaona kwa macho yake. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kutaja majibu."

"Ilikuwa ngumu, Mwalimu," alikiri Shamimu. "Kunyamaza ndiko kulikuwa kugumu zaidi."

Mwalimu Rozalia alicheka. "Hata mimi bado najifunza hilo."

Walirudi nyumbani kwa njia ya mikorosho. Mama alitangulia na Baba aliyekuja kuwapokea. Idrisa alibaki nyuma, kama kawaida yake, na Shamimu alibaki naye. Mahali njia inapopinda, mtoto alisimama. Upande mmoja kulikuwa na safu ya mikorosho midogo, na upande wa pili safu nyingine, majani yakitikisika kwenye mwanga.

"Huku wako saba," alisema Idrisa, akielekeza kidole. "Na kule wako sita. Wakivuka njia wakakaa pamoja..."

Shamimu alifungua mdomo.

"Usiniambie," alisema Idrisa.

Shamimu aliufunga mdomo. Kwa mbali, kutoka uwanjani, Fatuma alikuwa anaita jina lake. Aliinua mkono kumwashiria asubiri, akaweka mkoba chini, akaketi kwenye mchanga kando ya njia. Idrisa alikuwa ameshafumba macho.